Moto Hausafishi Kila Kitu: Kauli Yangu Kuhusu Simsim na Njugu

Wahenga walinena kwamba mgala muue na haki yake mpe. Katika ukurasa huu ninataka kuupa moto haki yake, kisha niuonyeshe mipaka yake. Hapa kwetu Busia hakuna mtu asiyejua simsim na njugu. Zinalimwa, zinakaangwa, zinasagwa, zinakamuliwa mafuta, na zinauzwa kuanzia sokoni hadi langoni mwa shule. Lakini kuhusu kule kukaanga kumezuka kambi mbili, na kila kambi inajiona ndiyo yenye akili.

Kambi ya kwanza ni ya wale wanaosema eti kukaanga ni kuua. Wameona chupa madukani zimeandikwa kuwa mafuta yake yamekamuliwa bila moto, bei yake ni ya kutoa jasho, basi wamehitimisha kuwa mafuta meusi ya nyanya ni uchafu wa kizamani. Wengine wao ni wenzetu humu humu darasani. Mtu akifungua mkebe wake wa chakula cha mchana na mboga inukie simsim, utasikia kicheko kule nyuma.

Kambi ya pili ni ya wale wanaosema moto unasafisha kila kitu. Njugu zikipigwa na mvua, zikaota ukungu wa kijani, utawasikia wakisema, "Wee, kaanga tu! Moto utamaliza." Kambi hii haina kicheko, ina imani, nayo imeenea zaidi kuliko ile ya kwanza.

Maoni yangu ni kwamba kambi zote mbili zimepotoka, lakini upotovu wa kambi ya pili ndio unaoweza kutupeleka kaburini. Nitaeleza hatua kwa hatua, na ninawaomba walimu wetu wa Kemia wanivumilie.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kukaanga ninakokusema si kule kwa mandazi ndani ya mafuta yanayochemka. Ninasema kukaanga mbegu kavu katika chungu au kikaango, bila tone la mafuta, huku mtu akikoroga kwa mwiko mpaka zibadilike rangi. Baada ya hapo mbegu hutwangwa au kusagwa mpaka ziwe kama uji mzito, maji moto yatiwe kidogo kidogo, mafuta yapande juu na yaenguliwe. Wengine siku hizi hupeleka kwenye mashine, lakini wengi wao bado hukaanga kwanza.

Kwa nini watu wakaange kabla ya kukamua? Wengi watajibu kuwa ni kwa ajili ya ladha. Ladha ipo, lakini kuna jambo jingine. Karibu nusu ya uzito wa simsim ni mafuta, na njugu nazo hukaribia hapo. Mafuta hayo hayakai ovyo ndani ya mbegu. Yamefungwa katika seli, tena katika matone madogo mno yaliyozungukwa na protini. Joto linapoingia hukausha maji, hulegeza kuta za seli, hugandisha zile protini, na huyafanya mafuta kuwa mepesi. Matone huungana na kuanza kutiririka. Ndiyo maana mama anayekamua kwa mikono hawezi kuchukua mbegu mbichi akapata kitu cha maana. Asiye na mashine, moto ndio mashine yake. Sasa mtu wa kumcheka mama huyo amcheke kwa lipi?

Jambo la pili ni rangi na harufu. Mbegu ina protini na ina sukari kidogo. Vitu hivi viwili vikikutana katika joto kali huungana na kuzaa vitu vingi vipya, vingine vyenye rangi ya kahawia na vingine vyenye kunukia. Mmenyuko huu unaitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka wa 1912. Ni ule ule unaotia rangi ganda la mkate na unaonukisha kahawa. Katika simsim huzaa vitu vinavyoitwa pirazini, ambavyo ndivyo vinavyokufanya ujue jirani anakaanga nini hata kama hujaona moshi. Kwa hivyo weusi ule wa mafuta ya nyanya si uchafu. Ni kemia, tena kemia ambayo nyanya aliijua kwa pua kabla sisi hatujaijua kwa kitabu.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tumefundishwa mwaka huu kuhusu alkeni, kwamba penye muungano maradufu baina ya kaboni na kaboni hapakosi ugomvi; bromini ikitiwa hupoteza rangi yake papo hapo. Mafuta ya mbegu yana miungano kama hiyo. Oksijeni ya hewani huishambulia pole pole, na hapo ndipo mafuta huchacha na kutoa ile harufu kali ya mafuta makuukuu. Katika mafuta ya simsim, kiasi cha asilimia 40 ni asidi ya oleiki, yenye muungano maradufu mmoja, na asilimia 43 hivi ni linoleiki, yenye miwili. Kwa hesabu hiyo ungetarajia yachache upesi. Lakini wapi! Mafuta ya simsim yanasifika kwa kukaa muda mrefu bila kuharibika.

Siri ni kwamba simsim imejiwekea walinzi wake. Ina sesamini na sesamolini, vitu ambavyo huvikuti katika mafuta mengine ya jikoni, na ina vitamini E. Sasa sikilizeni maajabu ya kikaango: sesamolini ikipata joto huvunjika, na kutoka ndani yake hutoka sesamoli, mlinzi hodari kuliko mama yake. Sesamoli huyazuia mafuta yasishambuliwe na oksijeni. Vile vitu vya kahawia vya Maillard navyo husaidia ulinzi huo. Kwa sababu hii, mafuta ya simsim iliyokaangwa vizuri hukaa muda mrefu kabla ya kuchacha kuliko mafuta ya simsim mbichi. Yaani moto ambao kambi ya kwanza inasema unaua, hapa umeongeza uhai wa mafuta.

Kuna atakayeuliza, je, zile asidi za mafuta zenyewe hazigeuki zikawa mbaya? Jibu ni kwamba moto wa kiasi, wa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa muda usiozidi nusu saa hivi, hauzibadilishi sana. Asilimia ya oleiki na linoleiki hubaki karibu pale pale. Kinachobadilika ni rangi, harufu, ladha, na wale walinzi. Hivyo basi, mtu akikuambia eti kukaanga simsim kunageuza mafuta mazuri kuwa sumu, mwulize ametoa wapi.

Aidha, sisi si watu wa kwanza kufanya hivi wala hatuko peke yetu. Wajapani na Wakorea hukaanga simsim mpaka mafuta yawe ya kahawia, na huyathamini kwa harufu yake. Wahindi nao wana mafuta mepesi ya simsim isiyokaangwa, ambayo hupikia kila siku. Pwani yetu mafuta ya simsim yana jina lake kabisa, uto, na zamani ngamia walizungushwa kwenye vinu vya kukamulia mafuta huko Lamu na Zanzibar. Leo Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia, mengi yakiwa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na sisi tunaokaa penye simsim tunacheka simsim. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, nisije nikaonekana wakili wa kununuliwa. Kambi ya kwanza ina haki yake na lazima ipewe.

Ni kweli kwamba moto ukizidi huharibu. Vitamini E hupungua kadiri mbegu zinavyokaa motoni kwa muda mrefu na kwa joto kali. Laisini, ambayo ni asidi amino tunayoihitaji mwilini, hupotea katika ule mmenyuko wa Maillard, hivyo mashudu yanayobaki baada ya kukamua huwa na lishe pungufu kama mbegu zilikuwa zimeungua. Joto likipita nyuzi 220 au zaidi, mafuta huwa machungu na hunuka moshi. Na mbegu zikiungua hadi kuwa mkaa, au moshi wa kuni ukizipitia moja kwa moja, huweza kuingia benzopireni, kitu kinachohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo chake katika mafuta ya kula kuwa mikrogramu 2 kwa kilo moja. Hicho ni kiasi kidogo mno, na kinaonyesha jambo hili halichukuliwi kama mzaha.

Vile vile, yasemwayo kuhusu simsim si lazima yawe kweli kwa kila mbegu. Alizeti haina sesamolini, kwa hiyo haina mtu wa kumzaa sesamoli, na alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi kuliko simsim. Mtu anayekamua alizeti bila kuikaanga sana ana sababu zake nzuri. Mbegu haziko sawa, kama vile watoto wa nyumba moja wasivyo sawa.

Kwa hivyo suala si kukaanga au kutokaanga. Suala ni kiasi. Ninaposimama jikoni kwa nyanya, sioni kipimajoto chochote. Yeye hutumia kuni chache, chungu kizito, na mkono usiochoka kukoroga. Simsim zikianza kurukaruka na kulia, hupunguza moto. Huchukua chache, huzisugua baina ya vidole, hunusa, huonja. Zikifika rangi ya udongo wetu mkavu, huzimwaga papo hapo kwenye ungo, maana anajua kwamba chungu chenye moto huendelea kukaanga hata baada ya kuni kuondolewa. Mwanafunzi anayejifunza Kemia akasahau kutazama haya, elimu yake imechechemea mguu mmoja.

Sasa niingie kwa kambi ya pili, na hapa ninaomba nisikizwe kwa makini.

Njugu zikivunwa wakati wa mvua, zikaanikwa chini kwenye udongo, au zikawekwa kwenye gunia kabla hazijakauka, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hao, hasa Aspergillus flavus, hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Kuvu yenyewe hufa motoni. Sumu iliyokwisha kuiacha haifi, kwa sababu haikuwa hai. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanadhani kilichoua ukungu kimeondoa na sumu. Joto la kukaanga hupunguza sehemu ya sumukuvu, lakini haliimalizi. Mbegu ikiingia kikaangoni na sumu nyingi, itatoka na sumu, ila sasa itakuwa inanukia vizuri. Ule mmenyuko wa Maillard niliousifu hapo juu unageuka kuwa mwongo: unafunika harufu ya uvundo kwa harufu tamu, na rangi ya ukungu kwa rangi ya kahawia. Mnunuzi hana tena njia ya kujua.

Isitoshe, kukamua nako hakuondoi. Sumu nyingi hubaki katika mashudu, na kiasi fulani huingia katika mafuta. Viwanda vikubwa husafisha mafuta ya njugu kwa magadi makali, na hapo sumu huondoka; mama wa nyumbani hana hatua hiyo. Na mashudu yale hupewa nani? Hupewa kuku na ng'ombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hugeuka na kutokea katika maziwa, tukayarudisha wenyewe mezani kwa kikombe cha chai.

Wanaodhani ninatia chumvi wakumbuke historia. Mwaka wa 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wamelishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil yenye ukungu. Ndivyo sumukuvu ilivyogunduliwa, ndani ya mashudu, yaani mabaki ya njugu zilizokwisha kukamuliwa. Na tusiseme hayo ni ya Wazungu na ndege wao. Mwaka wa 2004 hapa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Yalikuwa mahindi yaliyopikwa. Ugali ulisongwa, moto ulikuwapo, na watu walikufa. Hata anayekula kidogo kidogo bila kuugua siku hiyo hayuko salama, kwani sumu hii imethibitishwa kuleta saratani ya ini.

Nimewahi kumwona mchuuzi mmoja sokoni akinunua njugu zilizokataliwa, zile zilizokunjamana na kuwa nyeusi, kwa bei ya kutupwa. Nilipomuuliza ni za nini, alinijibu bila haya, "Hizi ni za kukaanga na kusaga. Zikisagwa nani atajua?" Sitamtaja, maana hayuko peke yake. Lakini jibu lake linatuhusu sote tunaonunua njugu za shilingi kumi langoni, na linawahusu zaidi wadogo zetu wanaopakiwa njugu za kusaga kwenye uji. Samaki mmoja akioza huoza wote. Njugu chache mbovu zikisagwa pamoja na nzuri, gunia zima limeambukizwa.

Najua kuna pingamizi nzito, na sitaipita kando. Watu watasema, "Wewe mtoto wa shule, utupe chakula na hali njaa ipo? Mama amelima miezi minne, mvua imempiga, leo umwambie amwage debe zima?" Ni swali la haki. Mtu hatupi njugu kwa sababu amesoma gazeti la shule. Jibu langu ni kwamba hasara hiyo isingojewe mpaka jikoni, izuiwe shambani. Njugu zing'olewe zikikomaa, zisiachwe ardhini. Zianikwe juu ya turubai au kichanja, zisilazwe kwenye udongo. Zikauke mpaka zikitikiswa zilie ndani ya maganda. Zihifadhiwe mahali pakavu penye hewa. Na kabla ya kukaanga, zichaguliwe kwa mkono, moja moja: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu zitolewe. Sumu haikai sawa katika gunia. Mara nyingi imejaa katika punje chache. Ukiondoa punje hizo, umeondoa sehemu kubwa ya hatari na umebaki na chakula kingi. Kwa hiyo anayechagua njugu hatupi debe, anatupa viganja vichache ili aokoe debe.

Tena viganja hivyo visipewe kuku. Nimekwisha kuwaambia habari za bata mzinga.

Ninamaliza kwa mapendekezo matatu. La kwanza, Chama cha Sayansi na sisi wa Chama cha Kiswahili tufanye jaribio pamoja muhula ujao. Tukamue mafuta ya simsim mbichi na ya simsim iliyokaangwa, tuyaweke katika chupa mbili zinazofanana dirishani pa maabara, tuyanuse kila wiki na kuandika. Yatakayochacha kwanza yatatuambia ukweli bila kelele za kambi yoyote. La pili, jiko la shule lisikubali njugu ambazo hazijachaguliwa, hata ziwe rahisi namna gani, na sisi wanafunzi tujitolee saa moja ya Ijumaa kuzichagua. Mikono tunayo mingi. La tatu, maafisa wa kilimo wa kaunti wawafikie wakulima wadogo na mafunzo ya kuanika, na wawatafutie turubai kabla ya mvua za mavuno. Sheria zetu zinasema njugu zisizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Sheria hiyo itamfaa nini mama ambaye hana mahali pa kupimia wala pa kuanikia?

Kwa wenzangu wanaocheka mafuta ya simsim, ninasema mjifunze kwanza yaliyomo ndani ya chungu. Na kwa wale wanaoutumaini moto kama dawa ya kila uovu, ninasema moto ni mtumishi mwema aliye na kazi yake. Hutoa mafuta, hutia harufu, huamsha walinzi waliolala ndani ya simsim. Lakini haugeuzi mbegu mbovu kuwa njema. Kazi hiyo ni ya macho na vidole vyetu, nayo hufanywa kabla jiko halijawashwa. Shime, tuchague kwanza, ndipo tukaange.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu